Mgeni wa Akko Tuye

Mumina alijua kosa lake pale mlangoni, kabla hata hajavua viatu. Katikati ya mkeka, kando ya vikombe vitatu vyenye maua, ilisimama thamosi nyekundu yenye mkono uliofungwa waya. Waya ule aliufunga yeye mwenyewe mwezi wa Ramadhani, kwa koleo la mumewe. Thamosi ilikuwa yake. Asubuhi ile alipotoka nyumbani ilikuwa juu ya kabati, na sasa ilikuwa hapa, imefika kabla yake.

Akatupa jicho chumbani. Mkeka ulikuwa wa Mulki, jirani wa ukuta kwa ukuta. Vikombe pia vya Mulki. Kiti cha plastiki alichowekewa Kinya, mkaguzi aliyefuatana naye kutoka ofisini, kilikuwa na jina la msikiti mgongoni, limeandikwa kwa rangi nyeupe. Vya mwenyewe Akko Tuye, akko ndiyo bibi kwa Kiborana, ndani ya chumba kile vilikuwa viwili, fimbo yake na kicheko chake.

"Karibu, karibu mgeni," akasema bibi, uso ameuelekeza pale aliposikia hatua, maana mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili mwaka wa pili sasa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Methali nzuri hiyo. Siku ile ilikaribia kumuua mwenyeji kwa njaa.

Shirika lenyewe liliitwa Nyumba Arobaini. Lilianzishwa na wafanyabiashara wa mifugo wa mjini Isiolo pamoja na kina mama wa kanisa moja, watu waliokuwa wamekubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba ujirani hauishii ukutani, bali unafika nyumba arobaini kila upande. Kila mwezi liligawa unga, maharagwe na mafuta kwa wazee wasio na mtu. Liliwapeleka wenye macho mabovu hospitalini kwa gari lake, na kabla ya mvua likaziba mabati yaliyotoboka. Halikuwa tajiri. Mtaa wa Kiwanjani ulikuwa umebakiwa na nafasi moja, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa. Mumina, aliyekuwa mhudumu wa shirika mtaani, aliandika jina la Tuye kwa nafasi hiyo moja.

Lakini jina halikupita bila mkaguzi kwenda nyumbani kwa mtu, akaketi, akauliza, akajaza fomu. Na sheria ya kwanza ya ukaguzi ilikuwa kwamba mwenye nyumba asiambiwe siku. Sheria haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka uliotangulia watu waliambiwa siku, basi magodoro yakahamia kwa majirani, televisheni zikalala chini ya vitanda vya mashemeji, na mzee mmoja akawapeleka kuku wake kwa wakwe. Jogoo akarudi peke yake katikati ya maswali, akapanda gotini kwa bwana wake. Mtaa ulicheka wiki nzima. Ofisi haikucheka.

Mumina aliijua sheria hiyo kama anavyojua jina lake. Alijua pia kwamba kila alfajiri Tuye hupapasa ukuta na ua mpaka soko la maziwa ya ngamia, alikouza maziwa miaka thelathini. Siku hizi kazi yake ilikuwa kufukiza madumu ya wauzaji wadogo kwa moshi wa kuni, na kama siku imekuwa njema humpa kikombe. Mkaguzi akikuta kufuli, jina hukatwa. Ndiyo sababu jana yake alasiri Mumina alipita na kunong'ona, "Akko, kesho usiende sokoni. Kuna mgeni wako kutoka ofisini."

Sasa kumwambia mwanamke wa Kiborana wa umri ule kwamba kesho ana mgeni, kisha utegemee akae mikono mitupu, ni sawa na kuuambia mto Ewaso Nyiro upande mlima. Wengine walikuwa wakitoa vitu nyumbani ili waonekane hawana. Tuye aliingiza.

Kinya alikuwa binti wa Meru, mpole wa sauti na mnyoofu kama rula. Alipewa chai ya maziwa mazito, akanywa, akasifu. Mumina naye akapewa. Kikombe cha tatu kilibaki kimelala kifudifudi.

"Wewe hunywi, nyanya?" Kinya akauliza.

"Mimi nishakunywa asubuhi. Kunyweni nyinyi."

Kinya akafungua fomu juu ya goti. "Wiki hii umepata maziwa?"

"Maziwa si hii unakunywa?" Tuye akacheka. "Alhamdulillah, maziwa iko."

"Na jana ulipika mara ngapi?"

"Kama watu wengine. Mara tatu."

"Unga?"

"Unga iko."

"Kuna shida gani kubwa hapa nyumbani, nyanya?"

"Shida hakuna," akasema bibi, akanyoosha leso magotini. "Nagaa. Amani tu."

Kinya akaandika. Kwa Waborana nagaa ndiyo salamu na ndilo jibu. Mtu aweza kuwa amezika ng'ombe wote, na bado mgeni akimuuliza atasema nagaa, kwa sababu mgeni hapewi matatizo pamoja na chai. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika hilo. Ilikuwa na visanduku, na visanduku vyote vilijaa neema.

Mumina aliuma ulimi. Mhudumu wa mtaa haruhusiwi kusema wakati wa ukaguzi, lakini si hilo lililomfunga mdomo. Kusema kweli pale kungekuwa kumvua mama mzima nguo mbele ya mgeni wake. Na huyu hakuwa mama wa kando ya njia. Tuye ndiye aliyemwosha mama yake Mumina siku alipofariki, na wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aliona matambara aliyokuwa akijifunga mama yule chini ya gauni zuri la sikukuu, akayaona na kuyazika pamoja na maji, na kwa miaka kumi na mmoja hajamtamkia mtu.

Na tusimpake Mumina mafuta kupita kiasi, alikuwa na hofu yake mwenyewe pia. Kusema thamosi ni yangu kulikuwa kusema siku nilimwambia mimi. Pikapu ya mumewe Adan, iliyokuwa ikienda Merti na kurudi, ilikuwa juu ya mawe uani mwezi wa pili huo, gia zimekufa. Chungu cha nyumba yao kilisimama juu ya posho yake ya shirika. Akanywa chai yake mpaka mwisho, akaaga.

Njiani Kinya alikuwa amechangamka. "Huyu ako sawa, Mumina. Unajua huwa nafurahi nikikuta mzee ako sawa? Hiyo nafasi tutampa mtu mwingine. Kesho kutwa nafunga orodha."

"Sawa," akasema Mumina.

Alirudi nyumbani alasiri. Thamosi ilikuwa imerudi, imesimama juu ya kabati kana kwamba haijatoka kamwe. Adan alikuwa ameketi mlangoni na kikombe mkononi.

"Akko ameirudisha mwenyewe," akasema. "Amekuja na fimbo yake polepole. Asubuhi alikuja kuiazima, nikampa. Nilikosea?"

"Hapana. Hiyo chai umetoa wapi?"

"Si ni ndani ya thamosi. Tamu kweli, sukari imekolea."

Mumina akaishika thamosi ili aioshe, mkono ukashuka kwa uzito. Akafungua kifuniko. Chai ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, ya maziwa, ya moto bado. Vikombe viwili walikunywa wao wageni, kimoja Adan, na iliyobaki ndiyo hii. Chombo cha watu hakirudishwi kitupu, hilo kila mtu aliyelelewa vizuri analijua. Tuye alikuwa hana kitu kingine cha kutia ndani yake. Hakuwa ameonja hata funda moja.

Akatoka na thamosi mkononi mpaka kwa Mulki, aliyekuwa akianua nguo.

"Maziwa ya leo yalitoka kwako?"

"Nilimpa nusu lita," Mulki akajibu. "Nilidhani ni yake ya kunywa. Tangu Jumamosi sijasikia harufu ya moto upande wake. Kwani yule mgeni alisemaje?"

Mumina akaikumbatia thamosi kifuani. Aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza siku ile haikuwa aibu ya Tuye bali yake mwenyewe.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika ofisini. Kinya alipoingia alikuta thamosi nyekundu juu ya meza yake, karibu na fomu za Kiwanjani.

"Umeniletea chai?"

"Iangalie vizuri," akasema Mumina.

Kinya akaigeuza, akauona ule waya. "Hii nimeiona jana."

"Ni yangu. Mkeka ni wa jirani. Vikombe ni vya jirani. Maziwa ni ya jirani. Kiti ulichokalia ni cha msikiti. Akko hana unga tangu Jumamosi."

"Alijuaje tunakuja?"

"Nilimwambia."

Kinya akaketi. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mumina, wewe ndio ulitusimulia habari ya jogoo. Wewe mwenyewe."

"Najua."

"Sasa kwa nini hukusema pale pale?"

"Ningesemaje, Kinya? Mtu amekaribisha mgeni, mimi niseme mbele yake maziwa ni ya kuombaomba? Ningeweza kumpiga kofi kabla ya kusema hivyo."

"Na mimi siwezi kubadilisha fomu kwa neno lako. Ninyi ni wa ukoo mmoja. Watu watasema Mumina ameingiza shangazi zake." Akachukua kalamu, akaiweka tena chini. "Na hili la kumwambia siku lazima niliandike."

"Andika."

"Basi tunarudi huko leo. Bila kumwambia mtu."

Mumina akatikisa kichwa. "Tukienda hivyo atatukuta mlangoni na hana kitu cha kuweka mbele yetu. Atasema nagaa ile ile, kisha tukitoka atajifungia mwezi mzima. Jina utakuwa umelipata, na mwenyewe tumemmaliza."

"Sasa unataka tufanye nini?"

"Mgeni hukaa chumbani akingoja," Mumina akasema taratibu, maana alikuwa akiliwaza huku akilisema. "Mtoto wa nyumba hangoji. Hushika njia ya jikoni na kitu mkononi, anawasha moto. Hata salamu anatolea huko huko."

Kinya akamtazama. Kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akatabasamu kidogo. "Kwetu pia. Nikienda kwa nyanya yangu nikakaa kwa kiti, ataniuliza kama nimeolewa na mzungu."

Wakanunua maziwa, sukari na majani ya chai dukani kwenye kona. Fomu Kinya aliiacha ndani ya mkoba. Walipita nyuma ya nyumba, penye kibanda cha jiko cha mabati kisicho na mlango, wakainama na kuingia.

Majivu ya mafiga yalikuwa baridi, na kuku wa jirani alikuwa ameoga ndani yake. Sufuria moja ilikuwa imeegemezwa ukutani. Juu ya kifuniko cha sufuria, palipofika jua kidogo, majani ya chai yaliyokwisha kupikwa yalikuwa yametandazwa yakauke. Yalikuwa yamepikwa si mara moja wala mbili, maana rangi ilikuwa imeyatoka yakabaki kama makapi. Kinya aliyatazama kwa muda mrefu. Kisha akainua kifuniko cha bati la unga lililokuwa pembeni, nacho kikalia.

Mwenye macho mabovu masikio humlipia. "Nani huko?" sauti ya Tuye ikauliza kutoka chumbani.

"Mimi, Akko. Mumina. Niko na Kinya, tunakuchemshia chai."

Mumina akaweka maziwa chini, kando ya mafiga. Kama bibi angekuja na fimbo na kuwafukuza, angekuwa na haki. Wangetoka, na Ijumaa orodha ingefungwa.

"Yule msichana wa jana?" sauti ikauliza tena.

"Ndiyo huyo, nyanya," Kinya akajibu. "Leo sikuja kuuliza. Nimekuja kupika."

Fimbo ikakwaruza sakafu taratibu.

"Hilo bati mlifunge," Tuye akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Halina kitu. Panya wataingia."

Kinya akalifunga pole pole. "Liliisha lini, nyanya?"

"Jumamosi."

"Na sasa umekula nini?"

"Mulki huniletea. Mulki naye ana watoto." Fimbo ikagonga sakafu mara moja. "Kuni ziko kwenye kona. Zile nyembamba zinashika moto haraka."

Kinya alipiga magoti, akapuliza moto mpaka machozi yakamtoka, na kama yote yalikuwa ya moshi hilo analijua mwenyewe. Chai ilipoiva walikunywa watatu, bibi akanywa vikombe vitatu mfululizo na hakuna aliyehesabu kwa sauti.

Ijumaa jina la Tuye liliingia. Jumatatu kamati ya Nyumba Arobaini ilikaa, ikasoma maandishi ya Kinya, ikamsimamisha Mumina miezi sita kwa kutoa siri ya ukaguzi. Kinya alimletea habari hiyo mwenyewe, kwa miguu, hakumtuma mtu wala kupiga simu.

"Ningeweza kuandika vingine," akasema. "Halafu mwaka kesho mtu mwingine atamwambia nyanya yake, na mwingine atahamisha godoro."

"Uliandika ukweli," Mumina akajibu. Moyoni alikasirika, tena sana. Alitamani unyoofu wa Kinya ungepungua kidogo tu. Lakini alimsindikiza mpaka barabarani, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

Wiki sita zikapita. Pikapu ilibaki juu ya mawe. Adan alikuwa akienda mnadani kubeba mizigo siku ikipatikana, na siku isipopatikana hurudi mapema akakaa mlangoni. Mumina alijifunza kupika jioni tu, na mchana akawaambia watu amefunga sunna. Alasiri moja Mulki alipita, leso begani.

"Akko anataka thamosi yako," akasema. "Ana mgeni."

Mumina akaipangusa vumbi, akaipeleka. Alipofika aliingia moja kwa moja njia ya jikoni, kama alivyozoea siku hizi, lakini sauti ikamwita kutoka chumbani.

"Huko umeenda kufanya nini? Pita mlango wa mbele."

Akazunguka. Mkeka ulikuwa wa zamani, wa bibi mwenyewe, ule ambao siku ya ukaguzi hakuutandika, umefagiliwa. Jicho moja la Tuye lilikuwa limefanyiwa operesheni, wiki ya tatu hiyo, na bendeji ilikuwa imetolewa. Lilikuwa jekundu kidogo na lilitazama kila kitu kwa ukali, kama mtu aliyerudi kutoka safari na kukuta vitu vimesogezwa.

"Salaam aleikum, Akko. Mgeni wako yuko wapi?"

"Aleikum salaam. Keti."

"Nikae na mgeni anakuja? Wacha nipike chai kwanza."

"Chai imeiva. Mgeni ni wewe. Keti."

Mumina akaketi. Bibi akaimimina chai kutoka kwenye sufuria kuingia ndani ya thamosi, na hakumwaga hata tone, kisha kutoka kwenye thamosi kuingia kikombeni. Mzunguko mrefu wa bure, lakini mgeni humiminiwa kutoka thamosi. Halafu akajimiminia na yeye, akanywa kwa sauti.

"Nyumbani wazima?"

"Nagaa, Akko."

"Adan?"

"Nagaa. Anapata kazi mnadani, alhamdulillah."

Tuye akakiweka kikombe chini. Lile jicho likamtazama usoni, likashuka mpaka kwenye mifupa ya shingo, likarudi usoni. "Jana mlipika mara ngapi?"

Mumina akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, tena na tabasamu lake juu yake. Akalisikia kabla halijatoka, na sauti aliyoisikia haikuwa yake, ilikuwa ya mama mmoja akinyoosha leso magotini mbele ya fomu.

Akatazama chini. "Mara moja," akasema. Kisha machozi yakamjia, na hakuyafuta.

Tuye hakusema pole. Alimjazia kikombe cha pili, akasubiri mpaka akakimaliza chote.

"Sasa nenda jikoni," akasema.

Mumina akainuka, akaenda. Moto ulikuwa bado unawaka kati ya mafiga. Karibu na bati, juu ya sufuria iliyogeuzwa, palikuwa na furushi la unga na maharagwe ya mgao wake, limefungwa ndani ya leso moja kwa mafundo mawili yaliyokazwa. Leso ilikuwa na vumbi la majivu juu yake. Furushi lilikuwa limefungwa tangu asubuhi, kabla Mumina hajaulizwa lolote.